Kujaza Risasi za Raifoli kwa Usahihi wa Hali ya Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mlenga shabaha ambaye tayari anajaza risasi zake kwa usalama, ana kibali kinachotakiwa na sheria za mahali alipo, na sasa anataka kundi la matundu kwenye shabaha lipungue. Hautaji kiasi cha baruti kwa risasi yoyote. Kiasi hicho husomwa katika mwongozo wa sasa wa mtengenezaji wa baruti au wa vichwa vya risasi, na hakipaswi kuchukuliwa mahali pengine. Katika majibu yote, ganda ni kile kifuko cha aloi ya shaba na zinki kinachobeba vyote, kichwa ni kile kinachoruka, fataki ni kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, na risasi ni vyote hivyo vikiwa vimeunganishwa.

Je, kujaza risasi mwenyewe kunaweza kweli kuongeza usahihi wa bunduki?

Kunaweza, kwa njia mbili: kwa kupunguza tofauti kati ya risasi moja na nyingine, na kwa kuifanya kila risasi ikae sawasawa katika chemba (chumba cha nyuma ya mtutu kinachopokea risasi) ya bunduki yako hasa. Risasi za kiwandani hutengenezwa ili ziingie katika kila bunduki ya aina hiyo, kwa vipimo vilivyokubaliwa na vyombo vya kuweka viwango vya silaha na risasi kama SAAMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1926, na C.I.P. ya Ulaya. Kwa hiyo ganda jipya huachiwa nafasi kidogo pande zote, na kichwa hupachikwa kwa urefu unaotosha magazini yoyote. Anayejaza mwenyewe halazimiki kuishi na maafikiano hayo.

Hata hivyo, risasi nzuri haiponyi mtutu uliochakaa, darubini isiyoshikilia marekebisho, wala mkono unaokurupua kifyatulio. Kuna hesabu ambayo kila anayenunua kifaa kipya angepaswa kuifanya kabla ya kutoa fedha. Vyanzo vya mtawanyiko visivyotegemeana havijumlishwi moja kwa moja. Hujumlishwa vipeo vyake vya pili, kisha jumla hiyo hutafutiwa kipeuo cha pili. Chukua bunduki ambayo yenyewe pamoja na mpigaji wake hutawanya kwa kiasi cha 1.0, kisha uiongezee kasoro ya risasi inayotawanya kwa 0.3. Mtawanyiko wa pamoja ni 1.04 tu, kwa hiyo hata ukiiondoa kasoro hiyo yote, faida yako haifiki asilimia 5. Sasa chukua bunduki ya mashindano ambayo yenyewe hutawanya kwa 0.3. Kasoro ileile huufikisha mtawanyiko kwenye 0.42, na kuiondoa huupunguza kwa takriban asilimia 29. Hii ndiyo sababu mbinu moja husifiwa na mtu mmoja na kudharauliwa na mwingine, ilhali wote wawili wanasema kweli juu ya bunduki zao.

Nianze kurekebisha nini?

Anza na kile kinachotawanya zaidi. Kwa raifoli ya kawaida ya kuwindia, mpangilio ninaouamini ni huu: kwanza kichwa bora cha mashindano kinacholingana na msokoto wa michirizi ya mtutu wako (mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa), kisha baruti inayoujaza vizuri ujazo wa ganda, kisha maganda ya kundi moja la uzalishaji yaliyorudishwa umbo (yaani kufinywa tena baada ya kupigwa) kwa namna moja, halafu kina cha kupachika kichwa. Yanayosalia, yaani kunyoa shingo ya ganda (sehemu nyembamba inayokishika kichwa), kupanga fataki kwa uzito na kuchonga pua za vichwa, huja baadaye sana, na kwa wengi hayana haja ya kuja kabisa.

Suala la msokoto huachwa nyuma mara nyingi, ilhali hakuna mbinu ya mezani inayoweza kulifidia. Tangu George Greenhill alipotoa kanuni yake mwaka 1879, imejulikana kwamba urefu wa kichwa, kuliko uzito wake, ndio unaoamua msokoto unaohitajika ili kisiyumbe hewani. Kichwa kirefu katika mtutu wenye msokoto wa polepole kitatoboa karatasi kwa ubavu hata kama risasi yake imejazwa kwa uangalifu wa mfua dhahabu.

Nitajuaje kwamba badiliko nililofanya limeleta faida?

Swali hili linastahili jibu refu kuliko mengine yote, kwa sababu sehemu kubwa ya imani zilizoenea katika kazi hii zimejengwa juu ya makundi ya risasi tatu.

Ukubwa wa kundi hupimwa kwa umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, na mara nyingi huelezwa kwa dakika za pembe. Dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii, nayo ni karibu milimita 29 kwa umbali wa mita 100. Kipimo hicho hukua kadiri idadi ya risasi inavyoongezeka, hata pale ambapo hakuna kilichobadilika. Kundi la risasi 5 huwa kubwa kwa wastani kwa takriban asilimia 27 kuliko la risasi 3, na kundi la risasi 10 huwa kubwa kwa karibu asilimia 58. Isitoshe, makundi ya risasi tatu hutofautiana mno yenyewe kwa yenyewe. Ukipiga makundi mengi ya namna hiyo kwa risasi zilezile, utapata moja dogo la kupendeza na moja kubwa la kukatisha tamaa, na hakuna hata moja linalosema jambo la maana juu ya baruti uliyotumia.

Hali ni hiyohiyo kwa mwendo wa risasi. Tuseme kronografu yako, yaani kifaa cha kupima mwendo wa risasi, imepima risasi tano na kukupa mkengeuko wastani (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka wastani wake) wa mita 3 kwa sekunde. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, mkengeuko wa kweli wa risasi hizo unaweza kuwa popote kati ya mita 1.8 na mita 8.6 kwa sekunde. Ukipima risasi kumi na kupata jibu lilelile, ukweli uko kati ya takriban 2.1 na 5.5. Kwa risasi thelathini, uko kati ya 2.4 na 4.0. Anayetangaza kwamba fataki fulani imepunguza mkengeuko kutoka mita 4 hadi mita 3 kwa risasi tano tano hajathibitisha kitu.

Mambo manne husaidia. La kwanza ni kutumia kipimo kinachoheshimu kila tundu, kama vile wastani wa umbali wa matundu kutoka kitovu cha kundi, kwa sababu ukubwa wa kundi hutazama matundu mawili tu na kuyapuuza mengine yote. La pili ni kupiga angalau risasi kumi kwa kila upande unaolinganishwa, na ishirini ikiwa tofauti unayoitafuta ni ndogo. La tatu ni kupokezana: risasi ya aina ya kwanza, kisha ya aina ya pili, kila moja kwenye shabaha yake, ili joto la mtutu, mwanga na upepo viathiri aina zote mbili kwa kiasi kimoja. La nne, ambalo wachache hulifanya ingawa ni rahisi sana, ni kumwomba mtu mwingine akupe risasi bila kukuambia ni za aina gani, kwani mpigaji anayejua kwamba ameshika risasi zake bora hutulia zaidi.

Gharama ya kupima namna hii ni kubwa, na mtutu huchakaa kwa kila risasi. Ndiyo maana mimi hushauri watu wapime mambo machache makubwa kwa uangalifu na kuyaacha madogo bila kuyapima wala kuyahangaikia.

Je, nipange maganda kwa uzito?

Tenganisha kwanza maganda kwa mtengenezaji, kwa kundi la uzalishaji na kwa idadi ya mara yaliyopigwa. Hatua hiyo haigharimu chochote na hufanya kazi kubwa kuliko mizani.

Kuhusu uzito wenyewe, lengo halisi ni ujazo wa ndani, kwa kuwa ndio unaoathiri shinikizo, na uzito ni ushahidi wa mbali tu wa ujazo huo. Aloi ya maganda, yenye takriban asilimia 70 ya shaba na 30 ya zinki, ina msongamano wa karibu gramu 8.5 kwa sentimita ya ujazo. Kwa hiyo greini moja (kama miligramu 65) ya tofauti ya uzito, hata kama yote ingekuwa upande wa ndani, hubadilisha ujazo kwa kiasi cha greini 0.12 tu ya maji, wakati ganda la .308 Winchester hubeba karibu greini 56 za maji. Zaidi ya hayo, sehemu ya tofauti hiyo hukaa kwenye ukingo wa kitako na kwenye mfereji wa kung'olea ganda, ambako haigusi ujazo wa ndani hata kidogo. Anayetaka kujua ujazo na aupime kwa maji, katika maganda yaliyokwisha kupigwa katika bunduki yake na ambayo hayajarudishwa umbo. Kwa wengi, kuyatoa yale machache yaliyo mbali sana na wenzake kunatosha.

Kipi ni bora, kurudisha umbo la shingo pekee au la ganda zima?

Kwa miaka mingi wajazaji walifundishwa kurudisha shingo tu, kwa hoja kwamba mwili wa ganda uliokwisha kuchukua umbo la chemba usiguswe. Hoja hiyo ina mvuto, lakini ganda la namna hiyo hukaza zaidi kila linapopigwa, mpaka komeo (chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma) linafungwa kwa nguvu, na nguvu hiyo haiwi sawa kwa kila risasi. Mpigaji anayelazimika kusukuma komeo huitikisa bunduki juu ya mifuko yake, na hiyo peke yake ni hasara kuliko faida yoyote ya shingo.

Wapigaji wengi wa mashindano sasa hurudisha umbo la ganda zima kila mara, ila kwa kiasi kidogo mno: bega la ganda (mteremko kati ya mwili na shingo) husukumwa nyuma kwa milimita 0.025 hadi 0.05 kutoka pale lilipokuwa baada ya kupigwa. Kipimo hiki hakikisiwi kwa macho. Hupimwa kwa kalipa yenye kifaa maalumu kinachokaa begani, ganda moja kabla na baada ya kupita kwenye kalibu, yaani chombo kinacholirudishia umbo.

Kulisukuma bega kupita kiasi ni kosa la usahihi na la usalama pia. Ganda lenye nafasi kubwa mbele hunyooka kila linapopigwa, ukuta wake huwa mwembamba juu kidogo ya kitako, na hatimaye hukatika vipande viwili ndani ya chemba. Mstari unaong'aa unaolizunguka ganda karibu na kitako ni onyo. Ukipitisha waya mwembamba uliopindwa ncha ndani ya ganda na kuhisi bonde mahali hapo, kundi lote la maganda hayo limekwisha kazi.

Kulainisha shingo kwa moto kuna faida gani?

Aloi ya ganda hukakamaa kila inapokunjwa na kukunjuliwa. Shingo iliyokakamaa hurudi nyuma baada ya kutoka kwenye kalibu, na kwa kuwa maganda hayakakamai sawasawa, shingo hukishika kichwa kwa nguvu tofauti tofauti, kisha siku moja hupasuka. Moto mfupi kwenye shingo na bega huirudishia aloi ulaini wake. Faida ya kwanza ni maisha marefu ya maganda. Ya pili ni kwamba shingo na bega hutii kalibu kwa namna moja, kwa hiyo vipimo vya bega nilivyovitaja hapo juu hutulia.

Kanuni moja haina mjadala: kitako na sehemu ya chini ya ganda visipate moto kamwe. Huko ndiko aloi inakotakiwa kubaki ngumu ili kulihimili shinikizo, na kitako kilicholainishwa kinaweza kupasuka na kuachia gesi ya moto mbele ya uso wa mpigaji. Kutumbukiza ganda katika maji hakuiimarishi aloi hii kama inavyokuwa kwa chuma, bali huuzuia tu moto usishuke. Ikiwa unalainisha, lainisha baada ya idadi ileile ya mapigo kila mara, kwa muda uleule ndani ya moto. Mashine huleta usawa kuliko mkono. Kulainisha maganda machache na kuyaacha mengine katika kundi moja ni kutengeneza tofauti ile unayoikimbia.

Shingo ikaze kiasi gani, na je, niinyoe?

Ukazo huelezwa kwa tofauti kati ya kipenyo cha shingo kabla na baada ya kupachika kichwa, na kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.025 na 0.075. Kuongeza tofauti hiyo zaidi ya hapo hakuongezi sana nguvu ya kushika, kwa sababu aloi hunyooka tu na kukubali umbo jipya. Kinachotakiwa ni ukazo unaofanana, na njia yake ni kalibu yenye bushi (pete ya ndani) inayobadilishwa, au kalibu ya kawaida iliyoondolewa kidonge cha kupanulia kisha shingo ikapitishwa kwenye mandreli (ufito laini wenye kipenyo maalumu). Kidonge kinachovutwa kutoka ndani kwenda nje, hasa kikiwa kikavu, huweza kuivuta shingo nje ya mhimili wa ganda.

Kunyoa shingo ili ukuta wake uwe na unene mmoja ni lazima pale tu ambapo chemba imechongwa nyembamba kwa makusudi, kama ilivyo katika bunduki nyingi za 6mm PPC, risasi iliyoundwa na Louis Palmisano na Ferris Pindell katika miaka ya 1970 na ambayo imetawala mashindano ya kupiga kutoka mezani kwa umbali mfupi. Katika chemba ya namna hiyo, shingo isiyonyolewa haina nafasi ya kupanuka na kukiachia kichwa, na shinikizo hupanda kwa hatari. Kwa mwenye chemba ya kawaida, maganda mazuri huwa na shingo zenye unene wa kutosha kufanana, na muda wa kunyoa ungetumika vyema zaidi uwanjani.

Fataki zina nafasi gani katika usahihi?

Nafasi yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, mradi zimeshindiliwa vizuri. Miguu ya ndani ya fataki inapaswa kugusa sakafu ya tundu lake na kukandamizwa kidogo. Fataki iliyoachwa juu hunyonya sehemu ya pigo la pini, ikawaka kwa kuchelewa au isiwake kabisa, na katika baadhi ya bunduki inaweza kuwaka komeo linapofungwa. Safisha tundu, pitisha kidole juu ya kila ganda baada ya kushindilia, na usibadilishe aina ya fataki bila kupunguza baruti na kuanza tena chini, kwa kuwa badiliko hilo peke yake linaweza kupandisha shinikizo.

Baruti ipimwe kwa ukaribu gani?

Jibu linategemea umbali unaopiga. Katika raifoli ya kati inayobeba zaidi ya greini 40 za baruti, kosa la greini 0.1, yaani kama miligramu 6.5, hubadilisha mwendo kwa takriban mita 1.5 hadi 2 kwa sekunde. Kwa mita 100, tofauti ya mita 3 kwa sekunde huishusha risasi kwa chini ya milimita moja, kiasi ambacho jicho halikioni. Kwa mita 900, tofauti ileile humaanisha karibu sentimita 7 za juu na chini kwa risasi ya milimita 6.5 ya kawaida. Ndiyo sababu mabingwa wa kupiga kutoka mezani kwa umbali mfupi wamekuwa wakimimina baruti kwa ujazo bila kuipima, wakaweka matundu matano yakionekana kama moja, wakati mpigaji wa mbali hununua mizani inayosoma hadi punje moja ya baruti ya vijiti, ambayo kwa baruti nyingi ina uzito wa kama greini 0.02.

Mizani ya gharama ndogo huhama sifuri kwa joto, kwa upepo wa feni na kwa umeme tuli. Kuwa na jiwe la kupimia lenye uzito unaojulikana, ulio karibu na kiasi unachopima, na uliweke juu ya mizani mara kwa mara katikati ya kazi. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti. Kabla ya kupachika kichwa hata kimoja, mulika tochi ndani ya maganda yote yakiwa yamesimama kwenye ubao wake na ulinganishe kina cha baruti. Ganda lenye baruti maradufu, au lisilo na baruti kabisa, linaweza kuuharibu mtutu na mtu.

Je, ni kweli kwamba kuna kiasi tulivu cha baruti ambacho mtutu hukipenda?

Njia ya ngazi iliyoenezwa na Creighton Audette huongeza baruti kwa hatua ndogo, risasi moja kwa kila hatua, kwenye shabaha iliyo mbali, kisha hutafuta mahali ambapo matundu yanakusanyika kwa urefu mmoja ingawa baruti inaongezeka. Wengine hufanya hivyo kwa kronografu, wakitafuta mahali ambapo mwendo unaacha kupanda.

Tazama ukubwa wa kelele kabla ya kuamini umbo la mstari. Hatua ya greini 0.2 huongeza mwendo kwa mita 3 hadi 4 kwa sekunde. Risasi nzuri ina mkengeuko wastani wa kiasi hichohicho. Kwa hiyo risasi moja kwa kila hatua itatoa vilima na tambarare kwa bahati tu, na ukilirudia jaribio lote, tambarare zitahamia mahali pengine. Sisemi kwamba mtutu hautetemeki, kwa maana unatetemeka. Ninasema kwamba jaribio la risasi kumi haliwezi kuuonyesha mtetemo huo. Mwenye kutaka kuitumia ngazi na airudie siku nyingine, na akubali tu kile kilichojitokeza mara zote mbili. Ninachokiona kuwa na thamani ya hakika katika ngazi ni kwamba hukufikisha kwenye kikomo cha mwongozo taratibu, ukichunguza kila ganda linalotoka.

Nipachike kichwa kwa kina gani?

Baada ya uchaguzi wa kichwa chenyewe, hapa ndipo bunduki nyingi za kawaida hupata faida inayoonekana. Kinachohusika ni umbali ambao kichwa huruka kutoka shingoni mpaka kinapogusa mwanzo wa michirizi. Usiupime kwa urefu wa risasi hadi ncha, kwa sababu ncha za vichwa hazifanani hata ndani ya boksi moja. Pima kwa kifaa kinachokishika kichwa pale mkunjo wa pua unapofikia kipenyo cha kugusa michirizi.

Vichwa vyenye pua ya mkunjo laini unaoungana na mwili bila kona huvumilia umbali mwingi. Vile vyenye pua ndefu iliyoungana na mwili kwa kona kidogo, vilivyotengenezwa kupunguza ukinzani wa hewa, huchagua zaidi, na vingine hupendeza karibu kabisa na michirizi huku vingine vikipendeza mbali nayo. Jaribu kwanza kwa hatua pana, kama milimita 0.5, ili ujue ni eneo gani linafaa, kisha upunguze hatua ikiwa kuna sababu. Mimi hupendelea eneo pana ambamo matokeo hayabadiliki sana kuliko nukta moja iliyotoa kundi dogo mara moja, kwa maana koo la mtutu huliwa na moto na michirizi husogea mbele kadiri unavyopiga.

Kichwa kinachogusa michirizi hupandisha shinikizo, kwa hiyo anayekisogeza mbele hadi kugusa lazima apunguze baruti na kupanda upya. Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana: kichwa kilichosukumwa kwa nguvu ndani ya michirizi kinaweza kubaki humo unapoitoa risasi bila kuipiga, ukabaki na ganda mkononi na baruti imemwagika ndani ya bunduki.

Vipi kuhusu kupanga vichwa na kuchonga pua zake?

Kwa mita 100 hadi 300, achana navyo. Kwa mbali zaidi kuna jambo la kweli: vichwa viwili vinaweza kutoka mtutuni kwa mwendo uleule kabisa, kisha kimoja kikatua chini zaidi kwa kuwa ukinzani wake wa hewa ni mkubwa kidogo. Kronografu ya kawaida haiwezi kuliona jambo hilo, kwani inapima mwanzoni mwa safari. Wapigaji wa mbali hupanga vichwa kwa urefu kutoka kitako hadi mkunjo wa pua, kisha hukata ncha zilizochakaa na kuzifinya ziwe nyembamba kwa kalibu. Finyo kubwa mno huiumua pua nyuma ya ncha na kuharibu kile kilichokuwa kizuri.

Risasi isiyonyooka inaathiri kiasi gani?

Weka risasi juu ya kifaa chenye saa ya kupimia, uizungushe, na usome jinsi kichwa kinavyoyumba. Chini ya milimita 0.08 hapana la kushughulikia katika bunduki nyingi. Ikiwa yumbo ni kubwa, usikimbilie kuikunja risasi iliyokwisha kujazwa. Pima ganda baada ya kila hatua mpaka uione hatua inayolipinda. Mara nyingi ni kidonge cha kupanulia shingo au ganda lenye ukuta usio sawa.

Nitazijuaje dalili za shinikizo lililopita kiasi?

Komeo zito kufungua, fataki iliyolala bapa, alama inayong'aa kwenye kitako mahali pa kitoa ganda, na tundu la fataki lililolegea. Ukiona mojawapo, acha kupiga na uzifungue risasi zilizobaki. Lakini dalili hizi huchelewa. Shinikizo linaweza kuwa limevuka kikomo, ambacho kwa .308 Winchester ni bari 4,150 kwa mujibu wa C.I.P., kabla ganda halijaonyesha lolote. Kronografu huonya mapema zaidi. Ikiwa mwendo umezidi ule ulioandikwa kwenye mwongozo kwa urefu wa mtutu kama wako, shinikizo nalo limezidi, kwa kuwa mwendo wa ziada hautoki kwingine.

Joto huongeza shinikizo pia. Risasi iliyotulia vizuri asubuhi ya baridi inaweza kuvuka kikomo katika jua kali, na risasi iliyoachwa ndani ya chemba yenye moto huku mpigaji akisubiri upepo utulie hutoka kwa kasi kuliko wenzake. Ikiwa unasubiri, iache nje.

Niandike nini katika daftari?

Andika kundi la uzalishaji la kila kijenzi, idadi ya mara maganda yamepigwa na mara ya mwisho yalipolainishwa, kipimo cha bega, kina cha kichwa kilichopimwa kwenye mkunjo wa pua, joto la hewa, mwendo wa kila risasi, na matundu yote, yakiwemo yale ambayo ungependa kuulaumu mkono wako kwayo. Kuliondoa tundu baya kwenye hesabu baada ya kuliona ndiyo njia ya haraka zaidi ya kujidanganya. Unapofungua kopo jipya la baruti lenye namba tofauti ya uzalishaji, hata kama jina ni lilelile, punguza kiasi, pima mwendo upya, na upande taratibu hadi mwendo wa awali. Kinachohamishwa kutoka kopo la zamani kwenda jipya ni mwendo huo, wala si uzito uliokuwa ukiutumia.